Tamthilia za Wake Wenza Zinamshika Mtu Asiye Mtuhumiwa

Fungua runinga saa tatu usiku, pitia chaneli za tamthilia, na hutachukua muda kukutana nao. Jumba la ghorofa mbili lenye geti jeusi, Masaki ikiwa tamthilia ni ya kwetu Tanzania, Runda ikiwa ni ya majirani wa Kenya. Mke mkubwa amevaa kwa heshima na hajalala vizuri tangu sehemu ya kwanza. Mke mdogo ana kucha ndefu na simu haimtoki mkononi. Katikati yao yupo mzee mwenye mali, anakohoa. Kufikia sehemu ya tano tumeshadokezwa kuwa kuna mtoto aliyefichwa mahali. Kufikia ya kumi, mtu ametiliwa kitu kwenye juisi na mganga ameshalipwa nusu ya pesa yake. Watu wanazipenda tamthilia hizi, nami nimo. Sitajifanya kwamba saa hiyo huwa naangalia taarifa ya habari.

Kinachonikera ni upelelezi wake. Kila hadithi ya taharuki ina kesi ndani: nani kafanya, kwa nini, kwa kutumia nini. Katika hizi za wake wenza, jibu huwa limeandaliwa kabla ya swali. Aliyefanya ni mwanamke, sababu ni wivu, silaha ni sumu au uchawi. Mzee anayekohoa anaondoka duniani mapema, analiliwa, na kuanzia hapo hakuna anayemuuliza kitu. Wanawake wawili wanabaki kung'oana nywele juu ya kaburi la mtu ambaye, ukifuata ushahidi kwa utulivu, ndiye aliyeipanga kesi nzima.

Msimamo wangu ni huu: katika ugomvi wa wake wenza juu ya mali, mtuhumiwa wa kwanza ni ukimya wa mume, na silaha ni karatasi. Cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, muhtasari wa kikao cha ukoo. Wivu upo, nani atabisha? Lakini wivu peke yake haujawahi kuhamisha umiliki wa nyumba.

Mwandishi anayetaka kuliona hilo aende msibani, akae chini ya turubai, asubiri wasifu wa marehemu usomwe. Msomaji kwa kawaida ni ndugu mwenye sauti nzuri na suti iliyoazimwa. Karatasi imechapwa usiku uliopita, na kuna mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu. "Marehemu ameacha mjane na watoto wanne." Viti vya nyuma vinatikisika kidogo. Yupo mama amekaa pale na vijana wawili ambao sura zao na ile picha iliyoegemezwa kwenye jeneza ni moja. Anamwangalia yule kijana mkubwa. Kijana anaangalia viatu vyake. Shangazi wa marehemu, aliyeijua nyumba ya pili kwa miaka na aliyewahi hata kupeleka kuku siku ya arobaini ya mtoto, anajifunika kanga usoni kama anayelia. Msomaji anaendelea na historia ya kazi ya marehemu. Kwa sentensi ile moja watu watatu wamefutwa katika familia mbele ya kadamnasi, na miezi michache baadaye wakili atawauliza mahakamani: wasifu uliposomwa, mlipinga?

Hiyo ni taharuki. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna glasi iliyodondoka, lakini nyumba imebadilisha mwenyewe. Kenya kazi hiyo hufanywa pia na tangazo la kifo gazetini, pale kwenye mstari wa "mume wa." Nani atajwe kwanza, nani atajwe kabisa, nani aingizwe kwenye "na wengine." Familia zimewahi kutoa matangazo mawili ya marehemu mmoja, kila upande na orodha yake ya wajane, na tarehe mbili za mazishi.

Tuchukue kesi ya kweli, ambayo hakuna mtayarishaji angekubali kuirekodi kwa urefu wake. Peter Mbiyu Koinange alikuwa mtu mkubwa nchini Kenya: mwana wa Chifu Mkuu Koinange, msomi aliyefika Chuo Kikuu cha Columbia enzi ambazo Mwafrika kufika huko ilikuwa habari, shemeji wa Jomo Kenyatta na waziri wa nchi katika ofisi yake. Mwaka 1979 alishindwa kiti cha ubunge cha Kiambaa na Njenga Karume, na Septemba 1981 akafariki. Aliacha mashamba, majengo na hisa. Wosia hakuacha. Wanawake wanne wakasimama kama wajane, na mahakama ikabaki na swali ambalo marehemu angelijibu kwa nusu ukurasa: kati ya hawa, nani alikuwa mke?

Swali hilo lilikula zaidi ya miaka thelathini. Ndoa mbili za mwisho zilitakiwa kuthibitishwa, na kuthibitisha ndoa ya kimila baada ya mume kufa ni kazi ya kuwaita wazee waeleze nani alikwenda kwa nani, na mbuzi wangapi, mwaka gani, nani aliyepokea. Majaji walibadilika. Wapo wadai waliofariki kabla kesi haijaisha. Mashamba nayo yalikuwa yanapanda thamani mwaka hadi mwaka, maana Nairobi ilikuwa inatambaa kuelekea Kiambu, kwa hiyo kila mwaka wa kuchelewa ulizidisha sababu ya kutokubali kushindwa. Alikuwa mtu wa kalamu, aliyewahi kuandika kitabu kuieleza dunia madai ya Wakenya, na hakuandika wake zake ni akina nani.

Sasa angalia jinsi simulizi zetu zinavyoichukua kesi kama hiyo. Kijiweni utasikia "wale wanawake wanapigania mali." Utasikia "tamaa." Ni mara chache mno kusikia mtu akisema kuwa mzee aliwaachia wanawake wanne fumbo lisilo na ufunguo na kuwaambia walifumbue kwa gharama zao.

Inabidi tuingie kwenye sheria, maana ndiko taharuki ilikolala, na waandishi wetu wanaikimbia wakidhani inachosha. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika Julai mosi, 1981, miezi miwili tu kabla ya kifo cha Koinange. Kifungu chake cha 40 kinashughulikia mtu aliyekufa bila wosia akiwa na wake zaidi ya mmoja. Mali inagawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai anahesabiwa kama fungu moja la ziada. Isome tena taratibu. Mke mwenye watoto watano anasimama na mafungu sita. Mke asiye na mtoto ana fungu moja, lake mwenyewe. Mtoto mmoja zaidi upande huu ni kipande cha ardhi kinachoondoka upande ule, na mtoto anayekanushwa upande ule ni kipande kinachorudi. Ndiyo maana mahakama za Kenya zimewahi kuamuru vipimo vya vinasaba, na makaburi yakafukuliwa. Mtazamaji anayeshangaa kwa nini mke mkubwa wa kwenye tamthilia anahangaika kujua kama mtoto wa mwenzake "ni wa mzee kweli" angeelewa mara moja kama kuna mhusika mmoja angesema hesabu hiyo kwa sauti. Lakini hatuelezwi. Tunabaki kuamini kuwa ana roho mbaya tu.

Kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2005, ni tamthilia kamili. Marehemu alifariki 1988 na kuacha shamba la ekari 192 na wajane wawili. Nyumba ya kwanza ilikuwa na watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Nyumba ya pili ilikuwa na mabinti wanne na hakuna mvulana. Kwa kifungu cha 40, nyumba ya kwanza ina mafungu sita, ya pili matano, jumla kumi na moja. Pengo ni dogo. Kwa mila, hesabu ni nyingine kabisa: mabinti wataolewa waende zao, kwa hiyo nyumba ya pili ni kama haina mtu. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni maelfu ya magunia ya mahindi na maisha ya wanawake watano. Mahakama Kuu iliwapa wavulana zaidi ya wasichana. Mahakama ya Rufani ikakataa ubaguzi huo. Ukiitazama hivyo, uhasama wa wajane wale wawili una chanzo kinachoeleweka bila kumtafuta mchawi. Mmoja alikuwa na wana na mila upande wake. Mwingine alikuwa na mabinti na Katiba.

Halafu kuna suala la tarehe, ambalo nashangaa bado halijaibiwa na mwandishi yeyote. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema, katika ndoa ya wake wengi, mali iliyochumwa na mume na mke wa kwanza kabla ya mume kuoa mwingine hubaki ya hao wawili. Inayochumwa baada ya hapo inaangaliwa kwa wote, kwa kuzingatia mchango wa kila mmoja. Kwa maneno mengine, siku ambayo mume alimuoa mke wa pili ndiyo mpaka. Jengo la kupangisha lililonunuliwa mwezi mmoja kabla lina wenyewe wawili. Lililonunuliwa mwezi mmoja baada lina watu watatu mezani. Na siku yenyewe ni ipi? Siku ya kutoa mahari? Siku ya kuhamia? Siku ya sherehe ndogo kijijini ambayo mke wa kwanza aliambiwa ni mazishi ya mjomba? Nipe mpelelezi mwenye albamu ya picha, risiti ya ukumbi na hati ya jengo, nami sitaihitaji juisi yenye sumu.

Ni Kenya hiyohiyo ambako, Machi 2014, wabunge walipokuwa wanapitisha muswada wa ndoa, kipengele kilichomtaka mume apate ridhaa ya mke aliyepo kabla ya kuoa mwingine kiliondolewa. Wabunge wanawake wakatoka nje usiku ule kwa hasira. Rais Uhuru Kenyatta akausaini Aprili 29. Hoja ya wanaume bungeni ilikuwa kwamba mwanamke wa Kiafrika anapoolewa ajue kuwa wa pili na wa tatu wako njiani. Sawa, mila ni mila. Lakini mke katika mitala ya kale alikuwa anajua, tena mara nyingine alishirikishwa kuchagua. Mila ile ilikuwa na boma moja, na kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake linalofahamika. Bunge lilichukua haki ya mume kuoa na kuiacha ile ya mke kujua.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na watetezi wa haki za wanawake ninaowaheshimu. Wao husema tatizo ni mitala. Mimi naona siri hizi zinatoka zaidi kwenye ndoa za mke mmoja zinazofichwa mitala ndani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na inaruhusu wanandoa kubadilisha aina ya ndoa yao kwa tamko la pamoja mbele ya hakimu. Ndoa ya kanisani ya Wakristo wawili haibadilishwi maadamu wote wamebaki Wakristo. Mwanamume aliyefunga ndoa kanisani, akakaa kwenye kamati ya ujenzi wa parokia, akawa mdhamini wa ndoa za vijana, hawezi kutoka mbele ya watu na kusema ana mke mwingine Kigamboni. Hana njia ya kisheria ya kuitangaza nyumba ile, na hana nia ya kuiacha. Kwa hiyo anaifanyia kila kitu ila kuitaja: anajenga, analipa ada, anahudhuria graduation akiwa "mjomba." Nyumba ya pili ikifikisha miaka miwili ya kuishi pamoja na majirani wakiwaona kama mume na mke, yule mama anaanza kusikia habari za kifungu cha 160, kile cha dhana ya ndoa. Asiloambiwa ni kwamba dhana hiyo inavunjika mara tu cheti cha kanisani kikiletwa mezani.

Linganisha na mtu wa Tanga au Unguja aliyeoa wawili kwa uwazi. Simaanishi kwamba kule ni peponi. Nani asiyejua mipasho ya wake wenza, kanga zinavyonunuliwa kwa ajili ya maneno yake na kuvaliwa siku mwenzio anapopita? Ugomvi upo na una burudani yake. Ila angalia kile ambacho hakipo: hakuna mtu anayeibuka msibani. Kadhi anawajua, majirani wanawajua, watoto wanaitana kaka na dada. Na mgao umeandikwa tangu zamani. Wajane wa marehemu aliyeacha watoto wanapata thumni, moja ya nane, wanaigawana sawa. Wakiwa wawili kila mmoja ana moja ya kumi na sita; wakiwa wanne, moja ya thelathini na mbili. Mwenza anakula moja kwa moja kwenye sahani yako, ni kweli, na hiyo si hesabu inayomfurahisha mtu. Lakini ni hesabu anayoijua siku anapokubali posa, na mtu aliyeijua hesabu tangu mwanzo hana sababu ya kumfukua marehemu. Aya ya tatu ya Suratun Nisaa, ile inayonukuliwa haraka kila mara mwanamume anapotaka kuoa tena, inaendelea kusema kwamba akihofia kutotenda uadilifu, basi aoe mmoja tu. Uadilifu huanza kwa kuwataja.

Sheria yetu ya 1971 ina kifungu ambacho kingefaa kuwa mwanzo wa hadithi, nacho ni cha 20. Mke aliye katika ndoa ya wake wengi anaweza kuweka pingamizi mume anapotangaza kusudio la kuoa tena. Sababu zimetajwa: kwamba kwa uwezo wa mume, mke mpya ataitia familia katika dhiki, au kwamba mtarajiwa ana sifa mbaya inayojulikana, ana maradhi ya kuambukiza, au anaelekea kuleta mfarakano mkubwa nyumbani. Fikiria mwanamke amesimama mbele ya wazee na mumewe, anatakiwa athibitishe kwa ushahidi kwamba mwanamke mwingine ataleta mfarakano. Anamchunguza vipi? Anamlipa nani? Anagundua nini kuhusu mumewe akiwa anamchunguza mwenzake? Hapo una sehemu sita za taharuki bila kumuua mtu. Lakini pingamizi linahitaji tangazo. Mume asipotangaza, kifungu kinabaki kitabuni kikisubiri.

Mchezo wa pili wa mume mwenye siri ni majina kwenye hati, nao ndio unaowaumiza wanawake wote wawili kwa pamoja. Mtu mwenye nyumba mbili anaogopa mali yake isijulikane na upande wowote. Kiwanja cha Kigamboni anakiandika kwa jina la mdogo wake. Lori linasajiliwa kwa jina la dereva wa zamani. Nyumba ya wapangaji inabaki kwenye hati ya mauziano ya serikali ya mtaa, yenye jina la mtu ambaye hata yeye hamkumbuki vizuri. Akiwa hai mfumo huo unafanya kazi kwa sababu ufunguo wake ni yeye. Siku anapofariki, kila jina linaamka na kudai ni lake. Sheria inaanzia kwenye dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mtu ni ya mtu huyo, na wa kuivunja dhana hiyo ni yule anayedai vinginevyo. Mjane wa kwanza anaamini kiwanja kimechukuliwa na wa pili. Wa pili ana uhakika kimechukuliwa na wa kwanza. Mdogo wa marehemu anawasikiliza wote wawili kwa upole, anawapa pole, anawashauri wasigombane.

Kwenye tamthilia, shemeji huyu ni mhusika mdogo, mara nyingi wa kuchekesha. Kwenye mahakama zetu za mwanzo ni mhusika mkuu. Kikao cha ukoo kinakaa siku tatu baada ya mazishi, kinateua msimamizi wa mirathi, na muhtasari unaandikwa kwenye karatasi ya daftari: waliohudhuria, jina, uhusiano na marehemu, sahihi. Waombe wakuonyeshe muhtasari wowote na usome orodha ile kwa makini. Utaona wajomba saba, mabinamu, mzee mmoja aliyetia dole gumba. Mjane yupo mwisho, kama alikuwepo. Mjane wa pili hakualikwa. Muhtasari huo ndio unaopelekwa mahakamani, na msimamizi akishateuliwa anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Miezi minne inatosha kwa kiwanja kubadilisha mikono mara mbili. Wakati huo wajane wako wapi? Wako kwenye simu, kila mmoja anamwambia dada yake jinsi yule mwingine alivyo mchawi.

Nyuma ya shemeji kuna sheria pia, usidhani ni tabia yake tu. Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililochapishwa kama Tangazo la Serikali Na. 436, linasema mjane hana fungu katika urithi wa mume aliyeacha ndugu wa ukoo wake. Anatunzwa na watoto wake. Mabinti wako daraja la mwisho la warithi. Wajane wawili walipolalamikia sheria hiyo, Mahakama Kuu ya Tanzania ilikiri mwaka 2006 kuwa ni ya kibaguzi na haikuifuta. Shauri likafika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao. Hao walikuwa wajane wenye ndoa zinazojulikana, walionyimwa na ndugu wa mume bila hata ya kuwepo mke mwenza wa kumlaumu. Ukoo haukuhitaji mchawi.

Najua kuna watakaosema natetea wanawake wasio malaika. Wapo wake wakubwa waliofukuza watoto wa mwenza usiku, na wapo wake wadogo walioghushi cheti cha ndoa mzee akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Kesi hizo zipo na mahakama zimeziona. Sina haja ya kuwasafisha. Ninachodai ni sababu zinazoeleweka, kwa sababu mhusika mwenye sababu ndiye anayetisha. Mke mkubwa anayevutia kuliko wote ni yule aliyejua. Aliambiwa na dereva, miaka kadhaa iliyopita, dereva alipolewa Krismasi. Akanyamaza. Alijua kuwa akifungua mdomo atapewa talaka, na hesabu ya talaka aliifanya kimyakimya: nyumba ina jina la mume, duka lina jina la mume, na yeye ana kazi za nyumbani za miaka ishirini. Kazi hizo zina thamani mahakamani. Tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, utunzaji wa nyumba unahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe, aliyewafungulia wenzake mlango huo, alitoka mikono mitupu, maana mahakama iliona alikwisha kupewa pesa na mume za kuanzisha mradi akazitapanya. Mke wetu mkubwa ameisikia hadithi hiyo kwenye semina ya wanawake kanisani. Kwa hiyo anapika, anampokea mume saa sita usiku, anamuuliza kikao kilikwendaje, na kila mwezi anapiga picha ya karatasi moja kutoka kwenye droo.

Sijaona mwandishi wetu akimwandika mwanamke huyo. Anaandikwa yule wa kununua sumu, kwa sababu sumu inarekodiwa kwa dakika mbili na haihitaji mtu aliyewahi kuisoma Sheria ya Ndoa.

Na mke wa pili, kwa nini kila mara anajua kila kitu? Wanawake wengi waliosimama mahakamani wakidai ni wake wa marehemu walikuwa na hakika kabisa kuwa wameolewa. Mahari ilitolewa, wazazi walikula pilau, picha zipo. Aliambiwa kuhusu yule wa kwanza, "tulishaachana, ni watoto tu wanaotuunganisha." Anaujua ukweli siku ya msiba, chini ya turubai lile, akiwa na huzuni ya kweli na hana mahali pa kuiweka. Mpe mwigizaji mzuri dakika hizo na hatahitaji kucha ndefu.

Kama kuna mtayarishaji anayesoma hapa, namuomba jambo moja la kiufundi. Msimuue mzee sehemu ya tatu. Kifo chake ndicho kinachomtoa hatiani, na mkishamzika hamna tena wa kumhoji, ndiyo maana mnalazimika kuwageukia wanawake. Mwacheni aishi hadi sehemu ya mwisho. Mfanyeni augue kidogo mkipenda, akohoe anavyotaka. Kisha muwakalishe wale wanawake wawili upande mmoja wa meza, shemeji akiwa mlangoni anajifanya anaongea na simu, na mmoja wao amuulize mzee, bila kupandisha sauti: kile kiwanja cha Kigamboni, uliandika jina la nani?